Hitima Iliyomsubiri Babu Hamisi

Wenzangu wa cherehani, nimerudi. Tangu nishuke hapa Lindi simu yangu haijapumua. Kila mmoja anataka nimrekodie sauti ya safari yote, nikimaliza kwa huyu anaanza yule, "Shosti, ilikuwaje?" Koo limekauka. Nimeamua kuandika mara moja, asome anayetaka, na anayetaka kubisha aje nyumbani na chakula. Mambo ya tiketi na vibali nayaruka, sijaona mtu aliyefurahishwa na foleni ya mwenzake.

Kwa wale msiojua, Bibi Somoe, mama wa mama yangu, anakaa Milola. Baba yake, Hamisi, alichukuliwa uaskari wakati wa vita kuu ya pili, akavushwa ng'ambo, hakurudi. Bibi alikuwa bado tumboni. Hakuna aliyekuja kusema lolote, na miaka yote hii Hamisi hajasomewa hitima kwa sababu Bibi anakataa. "Hitima anasomewa maiti," husema. "Mie hajanijia mtu kuniambia baba yangu kafa." Ukimwambia kwamba hata angekuwa hai leo angekuwa ameshapita miaka mia, anakujibu kuwa watu hao wapo.

Lakini mimi najua kinachomuuma. Pale kijijini kulikuwa na maneno tangu yeye akiwa mtoto, kwamba Hamisi hakufa, alipata mke huko alikokwenda akawatupa wa huku. Bibi amekua na maneno hayo, kaolewa nayo, kazeeka nayo. Mwaka huu amelegea sana, hata kusimama ni mpaka ashikwe. Akaniita, akasema anataka jambo moja tu kabla hajafumba macho. Ajue baba yake alikufa au aliwaacha.

Milola hadi Lindi

Nilianzia Milola kwenyewe, maana Bibi alitaka aniage kwa mkono wake. Alinipa kila alichokijua, na hakikuzidi maneno machache. Hamisi bin Abdala. Mtu wa upande wa Kilwa. Alikuja Milola kuoa, akahamia ukweni kama ilivyokuwa desturi yetu, akalima pale misimu michache, kisha wito wa uaskari ukaja, akaenda kwao kuaga na hakuonekana tena.

Si mara ya kwanza kutafutwa. Kaka yangu aliwahi kuulizia miaka ya nyuma kwa jina hilo hilo, akajibiwa kwamba akina Hamisi Abdala ni wengi mno na hakuna hata mmoja wa kwetu. Mimi nikajipa moyo kwamba kaka yangu ni mvivu. Nilisikia kuna makumbusho ya jeshi Dar es Salaam yenye maktaba na chumba cha nyaraka za askari wa zamani, na kwamba raia anaruhusiwa kuingia akatafuta ndugu yake. Nikasema huko huko.

Mama alinifungia ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi yetu ya porini, ya kula njiani. Ilikwisha kabla sijafika Lindi mjini, na sitaki mtu anisimange kwa hilo.

Lindi hadi Tingi, tulikokwama

Kwenye basi nilikaa na mzee mmoja wa Newala, Bwana Damiani, Mmakonde Mkristo anayefanya biashara ya mbao. Alipojua mimi ni Mmwera, basi, ikawa utani mtupu. "Nyie Wamwera," alisema, "walio hai wanawashinda kuwalisha, sasa mnakwenda kufukua waliokufa?" Nikamwambia ashukuru dirisha halifunguki, ningeshamtupa. Tulicheka mpaka abiria wa mbele wakageuka.

Tulipopita Nangurukuru mvua ikaanza kuchapa, na karibu na Tingi dereva akazima gari. Mbele maji yalikuwa yamekula barabara. Malori yalijipanga, na madereva walikuwa wametandika mikeka chini ya matela, jambo lililoniambia kwamba hatuondoki upesi.

Hapo Tingi ndipo lilipotokea jambo la kuchekesha. Nilikuwa nimebeba faili la bluu lenye picha za ukoo na vitambulisho, na nilipoingia kwenye kibanda cha mama mmoja kuomba chakula, nikalishika kifuani lisilowe. Kumbe faili la bluu pale lina maana yake. Akaja mzee akanisalimu kwa adabu zote, akakaa. Akaja wa pili na wa tatu. Mara akasimama mmoja akaeleza kwa kirefu jinsi pembejeo za korosho zilivyomfikia kwa kuchelewa na kwamba jina lake liliachwa. Nikawa naitikia tu kwa kichwa, nadhani ni mazungumzo ya kawaida. Bwana Damiani, mshenzi yule, akanong'ona, "Andika, mheshimiwa, wananchi wanakusubiri."

Nilipowaambia kwamba mimi ni fundi cherehani, si ofisa wa kilimo, na namtafuta babu, walicheka kuliko tulivyocheka sisi kwenye basi. Mama mwenye kibanda akaniletea ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi kilichoiva mpaka kinateleza, akanikataza kabisa nisimshukuru. "Kula," alisema. "Anayemtafuta mzee wake hawezi kwenda na njaa." Nasema kweli, nimekula sehemu nyingi, kisamvu kile sijakikuta kwingine. Asubuhi ya pili mitambo ikaja ikamwaga kifusi, tukavuka taratibu huku abiria wakisoma dua, na Bwana Damiani akipiga ishara ya msalaba, mara hii bila utani.

Dar es Salaam, ndani ya makumbusho

Niliingia makumbusho nikiwa na hofu. Nje wameweka mizinga na gari la zamani la deraya, na mlangoni kuna askari aliyevaa akapendeza. Nikategemea kufokewa. Badala yake nikapelekwa ghorofani kwa mwanamke mmoja mnene mwenye sauti ya taratibu, Sajini Koku, mwenyeji wa Bukoba, ndiye anayeshika nyaraka na maktaba. Nataka niwaambie wazi, katika maisha yangu sijaona mtu anayeipenda kazi yake namna ile.

Kwanza alinituma nikanawe mikono na kuikausha sawasawa. Kalamu yangu ya wino aliichukua akanipa penseli. Maji ya kunywa yakabaki nje. Kisha, nilipofungua mdomo kutaja jina, akanizuia.

"Jina baadaye, mama. Nisimulie kwanza."

Nikamsimulia kila kitu, Milola, Bibi, maneno ya kijijini, hitima. Alisikiliza bila kuangalia saa. Alipoona nimemaliza, hakunipeleka kwenye makasha ya nyaraka. Alinikalisha maktaba, akaniwekea vitabu vya picha vya askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa Burma, akasema nivitazame mpaka mchana.

Nilikasirika, sifichi. Nimekwama njiani, nimelala kwenye kiti, halafu napewa picha kama mtoto? Nikamwambia, "Sajini, mimi nimekuja kumtafuta mtu."

"Najua," alijibu. "Nataka ujue ni mtu wa namna gani unayemtafuta."

Nikafungua. Kulikuwa na askari wanakunywa uji kwenye kopo, matope yamewafika magotini. Wengine wamebeba machela. Mmoja ameketi juu ya sanduku, anashona suruali yake, na mshono wenyewe wa hovyo kabisa, uzi umevutwa mpaka kitambaa kimejikunja. Nilimtazama kijana yule nikataka kumnyang'anya sindano nimshonee. Ghafla nikaona ninalia. Mpaka siku hiyo Babu Hamisi alikuwa jina tu la kwenye ugomvi wa Bibi na wanawe. Pale akawa kijana mwenye suruali iliyochanika, mbali na kwao.

Mchana Sajini akaanza kazi. Anatoa kasha moja, analiweka juu ya sponji, anafungua karatasi kwa ncha za vidole, anasoma, anarudisha mahali pake ndipo anachukua jingine. Hamisi Abdala walikuwepo kweli, tena wengi, na kila mmoja tulimfuata mpaka mwisho wake. Huyu wa Tanga. Huyu wa Unguja. Huyu alirudi salama akafungua duka. Hakuna wa Kilwa, hakuna wa Milola. Jioni nikatoka nimekunja uso, nikaanza kumwomba kaka yangu msamaha moyoni.

Siku iliyofuata mambo yakaendelea vile vile, mpaka Sajini akaweka penseli chini.

"Hebu rudia pale alipokwenda kuaga kwao. Alikwenda kumuaga nani?"

Sikujua. Nikampigia simu mama yangu, akaweka sauti kubwa, akamsogezea Bibi.

"Bibi, Babu Hamisi alikwenda kwao kumuaga nani? Baba yake?"

"Baba yake wa wapi?" Bibi alisema. "Mama alinambia alikwenda kwa mjomba wake. Huyo mjomba ndo kamshika mkono akampeleka kuandikishwa."

"Aliitwa nani?"

"Ngaweje. Mbona hamkuniuliza siku zote? Si ndo mwenye mtoto huyo?"

Wenzangu, nilijishika kichwa. Mimi Mmwera, niliyeozwa na mjomba wangu huku baba yangu amekaa pembeni kama mgeni mwalikwa! Mimi ninayejua kwamba zamani mtoto alikuwa wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye aliyesimama mbele ya watu kusema huyu ni wangu! Shule na vitambulisho vimetuzoesha majina ya baba mpaka tumesahau kwamba enzi zile karani akiuliza "Huyu mtoto wa nani?" anayejibu ni mjomba, na anajibu jina lake mwenyewe. Tumemtafuta Hamisi kwa baba, na Hamisi alikwenda vitani kwa mjomba.

Nilipomweleza Sajini, alipiga makofi mara moja kama mtu aliyepata bao. "Kwetu Bukoba mtoto ni wa baba tu," alisema. "Nisingewaza hilo mpaka nistaafu!" Akainuka, akaenda chumba cha ndani.

Alirudi na kasha moja. Akasoma kimya, kidole kikitembea hewani bila kugusa karatasi. Kisha akasimama, akavuta gwanda likakaa sawa, akachomoa kofia mfukoni akaivaa. Nikajua muda wa kufunga umefika. Nikaanza kukusanya faili langu na mkoba.

"Hapana, mama. Wewe simama tu," alisema. "Humu ndani askari aliyefia vitani akipatikana, hatumsomi tumekaa."

Nikasimama. 

Alisoma kwa sauti ya paredi, sisi wawili peke yetu chumbani. Hamisi bin Ngaweje, wa Kikole, Kilwa. Mke, yuko Milola. Alifariki kwa homa katika hospitali ya kambi, Burma, akazikwa huko pamoja na wenzake. Taarifa ilipelekwa kwa Ngaweje, Kikole. Akapiga saluti. Kisha akavua kofia, akanikumbatia, akinukia sabuni na karatasi kuukuu, akasema, "Pole sana kwa msiba, mama." Ndiye mtu wa kwanza kuipa pole familia yetu kwa kifo kile. Namwombea Mungu amzidishie.

Nikampigia Bibi. Kabla sijasema lolote akanikata. "Usinambie kwa simu. Njoo useme nikikuona."

Kikole

Ningeweza kurudi moja kwa moja. Lakini lile neno la mwisho lilinikaa rohoni. Taarifa ilipelekwa Kikole. Sasa ilifika? Na kama ilifika, mbona Milola haikuja? Nikashuka njiani, nikachukua bodaboda hadi Kikole, vumbi na mashamba ya ufuta pande zote, nikauliza ukoo wa Ngaweje.

Walinionyesha nyumba ya Bi Zuhura, mama aliyekwisha ingia uzeeni ambaye ndiye mkubwa wa ukoo kwa sasa. Alinikaribisha vizuri, akanipa maji, mpaka nilipotaja kwamba mimi ni kitukuu wa mtu wa ukoo huu kutoka Milola. Hapo uso ukafunga.

"Shamba la mikorosho lilishagawanywa," alisema.

"Sikujia shamba, mama."

"Wote wanasema hivyo. Na la bondeni limeshauzwa."

Akaanza kunieleza mipaka, nani kapewa wapi na kwa nini kizazi cha mtoto wa kiume hakina chake hapo. Nilimwacha aseme mpaka achoke. Kisha nikamwambia, "Mama, mimi nimemjia Hamisi. Aliyepelekwa Burma."

 Akaweka mkono kifuani. "Hamisi yule tulimlilia hapa," alisema polepole. "Mie sijazaliwa, lakini mama yangu alilia, alinisimulia. Barua ilisomwa hapo uani. Matanga yalikaa hapa, hitima ikasomwa hapa."

"Na mkewe Milola?"

"Alitumwa mtu. Alikuta nyumba tupu, akaambiwa wamehama kwa njaa. Tukajua keshaolewa kwingine, hana haja nasi." Akanitazama. "Kumbe walirudi?"

Walirudi. Njaa ilipokwisha walirudi pale pale Milola, wakakaa wanasubiri habari ambayo ilishapita na kuwakosa. Kikole wakidhani wa Milola wamemsahau marehemu, na Milola wakidhani Hamisi amewasahau. Tulikaa na Bi Zuhura tukitazamana, hakuna wa kumlaumu, na nikaona hilo lilituuma kuliko angekuwepo wa kulaumiwa.

Tulikula wali na mbaazi. Akaingia mwanamume wa miaka thelathini na kitu, ametoka kuvuna ufuta, mabua yamemganda shatini. Bi Zuhura akanitambulisha. "Huyu ni Hamisi Ngaweje. Tangu yule afe, jina halijakatika hapa. Akiondoka mmoja tunampa mwingine, na anayelipokea husimama mahali pake." Na niliona kwa macho yangu mama yake mzazi akimwita mwanawe huyo "mjomba", akimtengea chakula kwanza.

Nikamwambia Bi Zuhura kwamba sitaki kwenda Milola peke yangu. Hakufikiri mara mbili. Alichukua kanga zake mbili na kumwambia Hamisi akaoge.

Milola

Tulifika mchana. Bibi alikuwa amekaa mkekani ukumbini, amevikwa nguo safi, maana mama alishajua tunakuja. Niliketi mbele yake nikamshika mikono.

"Bibi, alikufa. Alikufa kwa homa, huko huko vitani. Hakuoa kwingine. Mpaka anakufa, karatasi yake inasema ana mke Milola."

Hakutikisika. Aliuliza jambo ambalo sikulitegemea. "Alililiwa?"

Bi Zuhura akanijibia. "Alililiwa, dada. Kwetu Kikole. Mama yangu alimlilia, na hitima alisomewa. Tuliwatafuta tukawakosa."

Bibi akaitikia kwa kichwa, mara mbili. Kisha macho yake yakaenda kwa yule mwanamume aliyesimama mlangoni, ameshika viatu mkononi, hajui akae wapi.

"Na huyu?"

"Huyu ndiye jina lake," Bi Zuhura alisema. "Hamisi Ngaweje."

Bibi akanyoosha mikono tumwinue. Mama yangu akamwambia asijisumbue, akae. Bibi akamkazia macho, tukamwinua. Akajishika begani kwangu, akasimama wima mbele ya mtu ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Mwanamume yule alitutazama kwa zamu, amechanganyikiwa. Bi Zuhura akamfanyia ishara ya kichwa. Akaviweka viatu chini.

"Marahaba, mwanangu."

"Umechelewa," Bibi alisema.

"Nimechelewa, mwanangu," alijibu. "Nisamehe."

Ndipo Bibi Somoe akalia. Mimi sijawahi kumwona akilia, na mama yangu, mwanawe wa kumzaa, anasema naye hajawahi. Alilia kwa sauti, kilio cha mtoto aliyefiwa, na wanawake wa jirani wakaja mbio wakidhani msiba umeingia siku ile. Walipoambiwa ni wa nani, hawakuuliza mara mbili, wakajifunga kanga wakakaa wakalia naye.

Alipotosheka, akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akamwambia mama yangu, "Haya. Mwiteni shehe, baba yangu asomewe."